Sauti ya nyimbo na machezo

Bwana asifiwe, wapendwa. Nilikuwa nimeahidi kwamba juma hili tungeendelea na Waraka kwa Waefeso. Mniwie radhi. Tangu Jumanne kuna jambo limenikaba kooni, na nikiandika lingine lolote nitakuwa ninawadanganya.

Nilikuwa kwenye matatu, natoka Nairobi kurudi nyumbani Murang'a. Dereva, mzee wa rika langu, alikuwa amefungulia kantri, muziki uliotulea wengi wetu: Jim Reeves na Kenny Rogers redioni Jumapili asubuhi, mama akipiga pasi nguo za ibada. Tulipokaribia Thika ukaingia wimbo wa wale Wamarekani wawili, Brooks & Dunn, uliobeba jina la albamu yao ya 2003, Red Dirt Road, maana yake barabara ya udongo mwekundu. Nimeusikia miaka mingi nikiwa na shughuli zangu. Siku hiyo niliusikiliza. Mwimbaji anasimulia kwamba kwenye barabara hiyo ya kijijini ndiko alikokunywa bia yake ya kwanza, na ni hukohuko alikompata Yesu. Hasemi kwamba alihama njia. Vumbi ni lilelile.

Nikatazama nje, udongo wa kwetu nao ni mwekundu, nikamkumbuka mdogo wangu. Machozi yakanitoka ndani ya gari la watu.

Wengine wenu mnamfahamu. Alipiga gitaa kanisani kwetu tangu akiwa kidato cha pili. Baadaye akaanza kupiga pia Jumamosi usiku kwenye baa moja huko Thika, maana gitaa la kanisani halilipi kodi ya nyumba. Habari zikafika kwenye kikao cha wazee, na mimi nilikuwa mmoja wa wazee. Tulimwita. Mimi ndiye niliyesema: chagua moja. Hakubishana. Aliiweka gitaa ya kanisa kwenye mfuko wake, akafunga zipu taratibu, akatushukuru, akatoka. Imepita miaka 3. Kila wiki napita Thika na sijawahi kushuka.

Nilipofika nyumbani nilitafuta habari za hao waimbaji. Ronnie Dunn, mmoja wao, alikuwa kijana akisoma katika chuo cha Kikristo mjini Abilene, Texas, na nia yake ilikuwa kuwa mchungaji. Ikajulikana kwamba anapiga muziki kwenye vilabu vya pombe. Akaambiwa achague. Akaondoka. Niliposoma hapo niliweka simu mezani, kwa sababu ni maneno yangu kabisa, yametamkwa Texas miaka mingi kabla sijakaa kwenye kikao chochote.

Na angalieni kilichofuata. Mwaka 1990 aliunganishwa na Kix Brooks wa Louisiana, mwaka 1991 wakatoa albamu yao ya kwanza, na umaarufu wao ulijengwa na nyimbo za kuchezewa, za viatu vya buti na sakafu za mbao. Lakini yule kijana wa Abilene hakuacha kumtaja Mungu. Kwenye albamu ile ya Red Dirt Road yupo dada ambaye huwezi kuitoa klabu moyoni mwake, na yupo Yesu. Mwaka 2005 wakatoa albamu nyingine yenye wimbo wa kelele za Jumamosi, na ndani yake pia wimbo wa mzee aliyefiwa na mke na mtoto, anayemweleza kijana wa jirani kwa nini bado anaamini. Wimbo huo wa mzee ndio uliopewa tuzo ya wimbo wa mwaka na chama cha muziki wa kantri mwaka 2006. Imani ile haikubaki nyuma ya geti la chuo.

Sasa fungueni Luka 15. Sote tunaikariri habari ya mwana mpotevu, na tukiihubiri tunaishia kwenye pete na viatu na ndama aliyenona. Mimi nimekwama mstari wa 25. Mwana mkubwa anatoka shambani, "alisikia sauti ya nyimbo na machezo." Hapo ndipo aliposimama. Muziki ulikuwa nyumbani kwa babaye, aliyeutaka ni babaye, na yeye hakuingia. Mikali naye, mke wa Mfalme Daudi, alichungulia dirishani akamwona Daudi akicheza mbele za Bwana, akamdharau moyoni mwake.

Sisemi pombe ni njema. Baba yetu mimi na mdogo wangu alizikwa mapema kwa ajili ya chang'aa, na labda ndiyo sababu nilikuwa mkali vile. Niliogopa kuchimba kaburi la pili. Waefeso 5:18, inayotukataza kulewa kwa mvinyo, iko palepale na sitaifuta. Lakini mdogo wangu hakuwa mlevi. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kama anakunywa. Hakuna aliyemuuliza kodi ni kiasi gani. Tuliisikia sauti ya nyimbo na machezo, ikatutosha.

Wazee wenzangu, nawasihi kwa upendo: tumewafukuza watoto wetu kwa sababu ya mahali walipokanyaga, wakati sisi wenyewe Bwana alitukuta tukiwa na matope hadi magotini. Sauli, ambaye ndiye mtume Paulo, alikutwa njiani akiwa na barua za kukamata watu. Wale wanafunzi wawili wa njia ya Emau walikuwa wanaondoka Yerusalemu, wameshakata tamaa, na Yesu akaongozana nao huko walikokuwa wakienda. Nani alituambia kwamba hashuki Thika? Kuna vijana wako hapo usiku huu wanaojua zaburi nyingi kuliko sisi, na wakimaliza kazi saa 9 usiku hawana mzee hata mmoja wa kumpigia simu. Wapigieni nyinyi. Msingoje watubu kwanza ndipo muwaulize wamekula nini.

Na usisahau, ndugu msomaji unayejiona kama mwana mkubwa, kwamba mstari wa 28 baba alitoka nje kwa ajili yake pia. "Akamsihi." Nimelishika neno hilo juma zima.

Alhamisi jioni nilimpigia. Nilidhani hatapokea. Alipokea, nyuma yake watu wakijaribu spika, moja, mbili, moja, mbili. Nikasema jina lake, nikashindwa kuendelea. Akasema, "Nakusikia, kaka." Kisha akaniuliza kama miguu ya mama bado inamsumbua.

Jumamosi hii nitashuka Thika. Nimemwambia nitakaa meza ya mbele, nitaagiza soda, na nitangoja hadi amalize. Mniombee.