Aliniambia "basi"

Michezo ya Afrika imeisha, na mimi bado nimekaa kwenye kile kiti cha mwamuzi wa mstari wa mchezo wa vinyoya (badminton) pale ukumbi wa Borteyman. Wiki hii wifi kajifungua salama, mtoto wa kiume, mashallah, na mkataba wa Baba Zuhura hapa Accra umeongezwa mwaka. Hayo ndiyo nilitaka kuandika. Nimeshindwa.

Siku ile ya vinyoya binti mmoja (nchi yake naiacha) alinisikia koridoni nikiongea na mama kwa simu. Akageuka, uso wote umechanua: "Shikamoo dada! Kumbe Kiswahili kimefika huku?" Saa mbili baadaye ndiye huyo yuko upande wangu wa uwanja, seti ya tatu, 19 kwa 19. Mpinzani akainua kinyoya juu, kikaenda nyuma kabisa, binti akakiacha kianguke. Nikatanua mikono yote miwili nikaita: nje! Mwamuzi mkuu kutoka kiti cha juu akanisahihisha mbele ya ukumbi mzima. Ndani. Pointi iliyofuata, mechi ikaisha.

Nilimkuta mlangoni, taulo shingoni.

"Dada, ulikiona nje?"

"Nilikiona nje, mdogo wangu."

"Basi."

Akaenda zake.

Basi ipi? Mama akisema basi anapomiminiwa chai, imetosha. Akituambia basi tukiwa tunalia, anatubembeleza. Marehemu bibi akisema basi na kugeuza uso, hapo ujue mlango umefungwa. Yule binti hakugeuza uso. Lakini sauti yake mwishoni ilishuka, au ilipanda? Usiku nina hakika ilishuka. Nikiamka kula daku sina hakika tena.

Kusahihishwa si kitu, kanuni inamruhusu mwamuzi akiwa hana shaka. Mstari una upana wa milimita 40 na wote ni sehemu ya uwanja, kinyoya kikigusa ukingo tu kimeingia. Kwenye mafunzo tuliambiwa tena na tena: msikifuate kinyoya, kazeni macho kwenye mstari mkisubiri. Mimi nilimtazama binti. Nilimtazama akirudi nyuma, na alipoiweka raketi pembeni, mikono yangu ikatanuka. Nilitaka kiende nje. Asiyeona ana ishara yake, kufunika macho kwa viganja, halali kabisa, wala haina aibu. Sikuikumbuka. Halafu nikamwambia mtoto wa watu kwamba nilikiona.

Hilo sikumwambia mtu, hadi jana nikamwambia Zuhura. Hakusema neno. Alichukua chaki akachora mstari uani, akanikalisha kwenye kigoda, akaanza kunirushia kinyoya chakavu nilichopewa ukumbini, manyoya 16, mawili yamevunjika. "Mama, usinitazame mimi, tazama chaki!" Nilikosea, nikakosea tena. Kama mara ya ishirini hivi, nikaona! Kichwa cha kinyoya ndicho kinachotangulia kugonga, manyoya yanafuata, na katikati pana kitambo kidogo kama kupepesa kope. Nikaita ndani, ikawa ndani kweli, vumbi la chaki limeganda kichwani pake. Nilipiga kigelegele mpaka jirani akachungulia ukutani. Adhana ikatukuta uji haujakorogwa na koose (bagia za kunde za huku) alizoleta Baba Zuhura kutoka mtaa wa Nima zimepoa, tukazila hivyohivyo, tamu.

Nataka kurudi kwenye kiti kile. Nataka sana. Na siku nikimwona yule binti nitamwambia: sikukiona.

Tangu tufuturu nampigia mama, hapokei. Huko Tanga sasa ni saa nne usiku, na simu huwa haimtoki mkononi. Sukari yake ilipanda juzi, daktari kamkataza kufunga, naye anafunga. Mjomba pia hapatikani. Jamila, ukisoma hapa, tafadhali pita Chumbageni umgongee dirisha.