Dawa za presha na stimu ya mirungi

Juzi dereva mmoja wa malori ya Tunduma kaja famasi hapa Mwanjelwa, kachukua amlodipini, dawa yake ya presha ya mwezi, akalipa, halafu badala ya kuondoka akashusha sauti, "dada, hivi hizi hazikati stimu?" Nikajua anaongelea mirungi. Ni haramu ndio, ila usiku wa kutoka Kitonga mpaka mpakani ni mrefu na watu wanatafuna, tusidanganyane.

Swali lenyewe wataalamu walishaliuliza kitambo, kwa kokeini. Walikuwa wanampa panya kokeini kwenye chumba kimoja na maji ya chumvi kwenye chumba cha pili, baada ya siku kadhaa wanamwachia achague mwenyewe akae wapi. Wengi wanakimbilia kule kwenye kokeini. Ila waliochomwa kwanza isradipini, ambayo ni ya familia moja na amlodipini, hawana habari, vyumba vyote sawa tu kwao.

Kinachohusika ni kalsiamu. Dawa hizi zinaziba vimilango vinavyoingiza kalsiamu kwenye seli, kwenye mishipa ya damu msuli unalegea presha inashuka, na vimilango vya aina hiyo vipo mpaka kwenye ubongo, kwenye seli za dopamini, ile inayomfanya mtu atamani kurudia.

Sasa kwa binadamu ikawa hadithi nyingine. Kuna majaribio raha ilipungua, mengine wapi, na amlodipini walipopewa watumiaji wa kokeini haikufua dafu mbele ya kidonge bandia kisicho na dawa ndani. Mi sishangai, amlodipini inaingia kwenye ubongo kidogo sana. Halafu kathinoni ya kwenye mirungi inafanya kazi kama amfetamini, inaitoa dopamini nje yenyewe bila kusubiri kalsiamu.

Nikamwambia kaka, stimu utaipata vilevile, balaa liko kwenye moyo. Kathinoni inabana mishipa na kukimbiza mapigo, kidonge kinalegeza, yaani mnavutana kamba humo ndani, halafu unaenda kliniki asubuhi umetoka kutafuna presha inasoma juu, daktari anaona dawa haitoshi anakutoa miligramu 5 anakupeleka 10 na wewe umenyamaza kimya. Dozi ikipanda ndo miguu inaanza kuvimba, na mtu mwenyewe anakaa kwenye usukani siku nzima!

"Basi siku ya kutafuna niruke kidonge?" Jamani hapana. Hii dawa haitoki haraka, nusu yake tu inachukua saa 30 mpaka 50 kuondoka mwilini, kwa hiyo ukiruka leo stimu haibadiliki chochote, ila ukizoea kuruka-ruka presha inabaki haina wa kuizuia na mirungi inaisukuma, hapo unaiita stroku kwa jina. Cha kuruka ni mirungi.

Akacheka, akakubali kupima palepale, 168 kwa 102. Nikamwandikia kikaratasi cha kumpelekea daktari, na mirungi nikaiandika humo humo, akaiona, akakunja karatasi akaweka mfukoni bila kubisha.