Nilivyouguza mguu ulioteguka

Niliteguka mguu wa kushoto nikishuka mkarafuuni, huku Wete, Pemba. Na si juu: nimeshamaliza tawi la mwisho, nikakanyaga pembeni mwa jiwe, kifundo kikapinda kwa ndani. Kufika nyumbani uvimbe umekuwa kama yai la bata.

Bibi alikuwa keshabandika maji. Kwetu mguu ukiteguka unakandwa kwa maji moto ya chumvi, kisha unachuliwa kwa mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, mpaka utoke machozi. Nilikubali, maana bibi hakataliwi. Usiku ule sikulala. Mguu ulipwita kana kwamba una moyo wake, na kulipokucha uvimbe umefika vidoleni.

Kituoni daktari alibonyeza mifupa ya kifundo, akanitaka nitembee hatua nne. Nilichechemea nikazimaliza, na mfupa wenyewe hauumi, akasema picha haina haja: ni kano zimevutika. Lakini siku mbili tatu za mwanzo moto na kuchua vinazidisha damu na uvimbe.

Basi nikaingia kwenye barafu. Jirani huuza barafu za mfuko kwa watoto. Nilichukua za maji, za ukwaju nikawaachia wenyewe. Ya kwanza niliiweka tupu juu ya ngozi, ikaniunguza. Tangu hapo naiponda, naifunga kwenye kanga kuukuu, dakika 15, natoa, narudia baada ya saa mbili. Bendeji nilianzia vidoleni kwenda juu. Vikifa ganzi, nalegeza. Mguu juu ya mito miwili. Kwa kuwa nina vidonda vya tumbo, ibuprofen nilikatazwa, nikameza paracetamol.

Nimelala hivyo na simu, nikasoma kwamba Gabe Mirkin, daktari wa Marekani aliyeeneza habari za barafu mwaka 1978, mwenyewe alikuja kukiri kuwa inaweza kuchelewesha kupona. Nami nilikuwa naitumia kutuliza maumivu tu, siku ya tatu nikaiacha.

Hapo nikaanza kuuchezesha. Kwa kidole gumba cha mguu nilichora hewani herufi za Kiarabu, alifu, bee, tee, kama mtoto wa chuo cha Kurani. Mwanzo sikuvuka jimu, herufi ya tano. Baada ya wiki, uvimbe umenywea, nikamwambia bibi alete mafuta yake.

"Si nilikwambia mimi?" akasema, akaukunja mkono wa kanzu.

Kilichochelewa ni tahiyatu, kile kikao cha kwenye sala cha kuukalia mguu wa kushoto. Wiki mbili nilisalia kitini. Ya tatu nikateremka kwenye mkeka, nikaukalia mguu polepole, ukakubali.