Swali la viazi vya Isongole lilivyonipeleka kwenye uzamivu

Nilikuwa na miaka 37, afisa ugani mwenye shahada ya uzamili, watoto wawili na mkopo wa benki ambao haujaisha, wazo la kusoma uzamivu liliponing'ang'ania. Kazini waligawanyika. Kuna walioniambia niache, cheo hakitapanda na posho za safari nitazikosa. Wengine walinihimiza kwa sababu ambayo sikuipenda: niitwe Daktari. Nikapanda kwenda Isongole kwa mama. Alinisikiliza huku anachambua viazi, kisha akauliza, "Mwanangu, unataka kusoma au unataka kuitwa?"

Siku ile sikumjibu. Lakini niliendelea kuliangalia lile fungu alilokuwa analichambua. Mama, kama majirani zake wote, vikubwa anavitia kwenye magunia ya sokoni, vidogo anaviweka viwe mbegu. Mara nyingi shina lililougua ndilo linalozaa vidogo, kwa hiyo mkulima anaweza kujichagulia ugonjwa msimu hadi msimu bila kujua. Hilo nilishafundishwa. Lililokuwa linaninyima usingizi ni jingine. Mbegu ya Isongole, juu huko kwenye baridi ya Uporoto, shambani ilionekana nzima kabisa, ila wakulima wa chini upande wa Tukuyu, kwenye joto zaidi, wakiipanda ilikuwa inanyauka majani yakiwa bado mabichi. Walinilalamikia misimu mitatu mfululizo. Nilikata mashina, nikayaning'iniza kwenye glasi ya maji safi, na baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zikaanza kushuka. Mnyauko bakteria. Kwenye baridi bakteria hawa hukaa ndani ya kiazi bila dalili yoyote, na joto ndilo linalowafichua. Je, mbegu za akina mama kama wangu zimebeba kiasi gani? Na mkulima asiye na maabara afanye nini?

Kabla ya kuomba chuo chochote nilijipa miezi sita. Nilinunua kaunta buku, na kila Jumamosi nikawa nasoma na kuandika kuhusu swali hilo tu, kana kwamba tayari ni mwanafunzi. Niliweka sharti: nikilichoka, naachana na uzamivu bila kinyongo. Mwezi wa nne daftari lilijaa, nikanunua la pili. Nashukuru sana kwa miezi ile. Nimewaona watu walioingia kwa sababu kuna ufadhili umetangazwa, wakachukua mada ya mfadhili, na mwaka wa pili hawataki hata kuisikia. Uzamivu ni mrefu mno kuubeba kwa swali la kuazima.

Msimamizi nilimtafuta kama mtu anayechunguza posa. Sikuanza na yeye, nilianza na wanafunzi wake wa zamani: ukimpelekea sura, inarudi baada ya muda gani? Profesa mmoja mwenye jina kubwa, waliniambia, alikaa na sura ya mtu miezi minne. Nikamchagua asiyevuma, ambaye kazi ilirudi ndani ya wiki mbili ikiwa imejaa wino mwekundu. Wino ule uliniliza mara mbili, nami nausifu.

Nilijiandikisha 2017 nikidhani ni miaka mitatu. Ikawa mitano. Basi la Morogoro nililizoea, Makambako, Iringa, mteremko wa Kitonga, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, na watoto wakabaki kwa bibi yao. Nililolifanya shambani halikuwa geni duniani: wakati wa maua unaweka kijiti kwenye kila shina zuri, unarudi kabla majani hayajakauka, unang'oa vijiti kwenye yaliyougua, halafu yenye vijiti unayachimba kwanza, na mbegu inatoka humo. Kazi yangu ilikuwa kupima, kwenye baridi na kwenye joto, njia hiyo inasaidia kiasi gani na inashindwa wapi.

Januari 2019 nilifika kwenye shamba moja la majaribio nikakuta limechimbwa lote. Shule zinafunguliwa, watoto wanataka sare na madaftari, na mwenye shamba aliuza. Nilikaa kwenye tuta hadi jua lilipozama. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilimwomba mtu alinde data zangu bila kumlipa thamani ya viazi vyake. Msimu mzima ulipotea. Baada ya hapo kila mkulima nilimlipa kabla ya kupanda, na hakuna shamba lililoguswa tena.

Kuandika nilikuweza kwa njia mbili. Nilikaa mezani saa kumi alfajiri hadi saa kumi na mbili, nusu ukurasa ukitoka inatosha. Na tulikuwa watatu tuliosomeana sura kila Ijumaa jioni, fani tofauti kabisa, hivyo sentensi isiyoeleweka haikupata pa kujificha.

Utetezi wa tasnifu ulikuwa 2022. Baada ya maswali ya takwimu, mtahini wa nje aliniuliza nitamwambia nini mama yangu. Nikasema: vijiti vinapunguza, havimalizi, kwa sababu kiazi kilichoficha ugonjwa kwenye baridi hakionekani kwa macho ya mtu yeyote. Kwa hiyo apishanishe na mahindi au ngano, asipande nyanya hapo, na kila baada ya misimu michache anunue mbegu safi. Walinipa marekebisho ya miezi miwili.

Siku hizi wenzangu hunipigia wakiuliza kama waanze. Nawaomba waniandikie swali lao kwenye ukurasa mmoja, bila kutaja chuo wala ufadhili. Wawili wameshaniletea. Mmoja anasoma sasa. Mwingine alipomaliza ule ukurasa aliamua kubaki na duka lake la pembejeo Mbalizi, na nilimwambia ameamua vizuri.