Matufe, rota na mipigo miwili: kuishi na gari lisilofanana na mengine

Magari mengi ya nadra hayafi kwa uzee. Yanakufa kwa sababu mtu ameyashika kama anavyoshika gari lolote: fundi kamimina mafuta ya breki aliyoyazoea, dereva kaliwasha alisogeze hatua tano kisha kalizima, mnunuzi kaagiza tairi kwa kukisia. Kabla hujauliza injini ina nguvu kiasi gani, uliza gari hilo linafanya nini kinyume na mengine. Jibu lake ndilo litakaloamua kama litadumu mikononi mwako.

Citroën zinazoinuka na kulala

DS ilizinduliwa Paris Oktoba 1955 na ikatengenezwa hadi 1975. Baadaye zikaja GS (1970), CX (1974), BX (1982), XM (1989) na Xantia (1993), zote kwa wazo lilelile. Pampu inayozungushwa na injini inasukuma mafuta kwa presha inayofika takriban bar 150 hadi 170. Presha hiyo inabeba gari na kukaza breki, na katika DS nyingi inasaidia usukani na hata kubadili gia. Mahali pa springi pana matufe ya chuma. Ndani ya kila tufe kuna kiwambo cha mpira, upande mmoja nitrojeni na upande wa pili mafuta. Springi ni hiyo nitrojeni.

Jambo la kwanza ni rangi ya mafuta. DS za mwanzo zinatumia LHS, nyekundu. Tangu mwishoni mwa 1966 zikahamia LHM, mafuta ya madini ya kijani, isipokuwa zilizouzwa Marekani ambazo zilichelewa hadi 1969. C5 ya 2001 ikaja na LDS, rangi ya chungwa. Aina hizi hazichanganywi hata kijiko kimoja, kwa sababu mpira wa sili (kizuizi cha kuvuja) uliotengenezwa kwa mafuta ya aina moja unavimba au kulainika ukikutana na mengine, na sili zipo kila kona ya gari. Ikitokea yasiyofaa yamemiminwa, usiwashe injini. Yakiwa bado kwenye tangi, unayatoa, unasafisha tangi na kichungi chake, yamekwisha. Pampu ikishayasambaza, jiandae kubadili sili za mfumo mzima. Mtego huohuo uko kwa Rolls-Royce: Silver Shadow ya 1965 ilichukua leseni ya sehemu ya mfumo wa Citroën lakini inatumia mafuta ya breki ya jamii ya glikoli, ilhali Silver Spirit ya 1980 inataka mafuta ya madini. Kwa macho ni ndugu wa damu. Kwa chupa ni maadui.

Kipimo cha LHM kinasomwa injini ikiwaka na gari likiwa limeinuliwa hadi juu kabisa. Ukikisoma gari likiwa limelala, mafuta yaliyorudi kwenye tangi yatakudanganya kwamba yamezidi.

Kujua hali ya matufe hakuhitaji mashine. Acha injini iwake bila kukanyagwa, usikilize "tak" ya regyuleta, kifaa kinachodhibiti presha, kila inapojaza. Ikilia kila baada ya nusu dakika au zaidi, mfumo uko vizuri. Ikilia kila sekunde mbili tatu, tufe kuu la akiba limeishiwa gesi au kuna mafuta yanayovuja ndani kwa ndani. Kisha nenda kila kona, gari likiwa kwenye kimo cha kawaida, ulikandamize kwa uzito wako. Likishuka na kurudi polepole, tufe lina gesi. Likigoma kama umesukuma ukuta, gesi imekwisha. Wengi huendelea kuliendesha hivyo wakidhani wanapoteza starehe tu, kumbe kila shimo linapeleka mshindo wa presha kwenye mabomba na kwenye vishikio vya mikono ya magurudumu. Tufe lililokaa kavu muda mrefu hupasuka kiwambo, na hapo halijazwi tena, unanunua jipya.

Kubadili tufe ni kazi ya saa moja. Shusha gari hadi chini kabisa, zima injini, kisha legeza parafujo ya kuachia presha kwenye regyuleta mzunguko mmoja tu. Usiitoe, ina kigololi kidogo ambacho kikidondoka utakitafuta kwa machozi. Fungua tufe kwa spana ya mkanda. Weka sili mpya iliyolowanishwa kwa LHM, kaza tufe kwa mkono, basi. Kulikaza kwa spana hakupunguzi uvujaji, ila siku ya kulitoa utalia. Na usiingie kamwe chini ya Citroën iliyoinuliwa kwa mfumo wake wenyewe. Inashuka bila taarifa. Weka vibeba gari vya chuma kwanza.

Barabarani, subiri gari liinuke na taa nyekundu iondoke kabla ya kuondoka. Breki ya DS si pedali bali ni kitufe cha mpira mfano wa uyoga kilichokaa sakafuni: hakishuki, kinasikia uzito wa mguu. Anayekikanyaga kwa nguvu ya mazoea hupeleka abiria kwenye kioo. Zile DS zenye gia za haidroliki huwashwa kwa kusukuma wenzo wa gia kushoto, kwa hiyo haziwezi kuwashwa zikiwa ndani ya gia. Kimo cha juu ni cha kubadilishia tairi na kuvuka vikwazo kwa mwendo wa miguu; hapo juu gari halina tena nafasi ya kuyumba.

Citroën SM (1970 hadi 1975) ni somo lake lenyewe. Usukani wake huzunguka mara mbili tu kutoka mwisho hadi mwisho na hurudi katikati wenyewe injini ikiwaka, hata gari likiwa limesimama. Uendeshe kwa viwiko vya mikono na utapepesuka. Tumia vifundo vya mikono. Injini ni V6 ya Maserati, na ukikagua ya kuuzwa uliza mambo mawili kabla ya rangi na ngozi: vikaza mnyororo vimebadilishwa, na vali za ekzosi zilizojazwa sodiamu zimetolewa? Zikikatika kichwa, kinachobaki ni chuma chakavu.

Injini ya rota

NSU Ro 80 (1967 hadi 1977) na Mazda Cosmo Sport, iliyoanza kuuzwa mwaka huohuo wa 1967, zilifungua njia. RX-7 na RX-8 za Mazda ndizo utakazokutana nazo zaidi. Ndani hakuna pistoni. Kuna rota yenye ncha tatu, kila ncha ina sili nyembamba inayokwaruza ukuta wa chumba. Kila kitu kuhusu kuishi na injini hii kinatokana na sili hizo.

Kosa kubwa ni kuiwasha ikiwa baridi na kuizima papo hapo. Petroli ya ziada iliyoingizwa kwa ajili ya baridi inaosha oili kwenye kuta, mgandamizo unapotea, na siku inayofuata injini inazunguka bila kuwaka. Ukishaiwasha, iache hadi geji ya joto ianze kupanda. Ikishazama kwa petroli, toa fyuzi ya pampu ya petroli, fungua plagi, zungusha stata kwa vipindi visivyozidi sekunde 10 hadi mvuke wa petroli uishe. Tia mililita 5 hadi 10 za oili ya injini kupitia tundu la plagi la kila rota, zungusha kidogo, rudisha plagi kavu, kisha fyuzi. Betri iwe imejaa kweli, kwa sababu stata inayozunguka kivivu ndiyo iliyosababisha nusu ya tatizo. Moshi mzito wa dakika chache baada ya kuwaka ni ile oili, usiogope. Plagi za juu na za chini hazifanani kazi na mara nyingi hazifanani joto. Weka alama kabla ya kuzitoa.

Kula oili si ugonjwa. Injini imeundwa kuichoma kidogo ili kulainisha sili, kwa hiyo angalia kijiti cha oili kila unapojaza petroli mara ya pili. Wamiliki wengi huongeza oili ya mipigo miwili kwenye tangi, karibu mililita 5 kwa lita. Naona ni bima ya bei ndogo, mradi pampu ya oili ya kiwandani isiondolewe bila mbadala.

Kipima mgandamizo cha kawaida hakifai, kwani kila rota ina vyumba vitatu na kifaa hicho kinaonyesha kilicho bora tu. Tafuta kipimo cha rota kinachosoma mapigo matatu mfululizo. Bila hicho, toa fyuzi ya petroli, toa plagi moja ya rota unayoipima, zungusha stata, usikilize: paf, paf, paf, sawa kwa sawa. Pigo moja likiwa dhaifu, shuku sili za pembeni za upande huo wa rota. Mawili yanayofuatana yakiwa dhaifu, sili ya ncha imevunjika, maana kila ncha ni ukuta wa vyumba viwili. Hiyo ni ovahoo, si mjadala wa bei.

Ro 80 ina kioja cha ziada: haina pedali ya klachi. Swichi iko ndani ya kichwa cha gia, ukikigusa klachi inaachia. Mwenye tabia ya kupumzisha mkono juu ya gia atasikia injini ikipaa mizunguko huku gari likipunguza mwendo. Ukikagua moja, funua boneti kwanza. Nyingi zilichomekwa V4 ya Ford baada ya injini ya asili kuchoka.

Mipigo miwili

Trabant 601 ina injini ya mipigo miwili (pistoni hupanda na kushuka mara moja tu kwa kila mwako) ya sentimita za ujazo 594 na nguvu ya farasi 26 hivi. Oili yake iko ndani ya petroli: za mwanzo 1:33 (sehemu moja ya oili kwa 33 za petroli), za baadaye 1:50, yaani mililita 20 kwa lita. Tia oili kwanza, petroli ije juu yake iichanganye. Tangi liko chini ya boneti juu ya injini, petroli inashuka kwa uzito wake bila pampu. Nyingi hazina geji, unapima kwa kijiti. Funga koki kila unapoegesha. Sindano ya kabureta ikiwa imechoka, petroli yote itamwagikia injini usiku.

Ukiachia eksileta kwenye mteremko, petroli inakatika na oili nayo inakatika. Ndiyo maana gia ya nne ya Trabant huachia injini izunguke kivyake, na Saab 96 za mipigo miwili zina mpango kama huo. Faida ni injini kupona. Hasara ni kwamba injini haikusaidii kufunga mwendo, na breki za Trabant ni za ngoma pande zote. Kwenye mteremko mrefu ingia gia ya tatu mapema, na kila baada ya muda gusa eksileta ili oili ipite.

Dalili ya kuogopwa kuliko zote: umeachia eksileta na mizunguko haishuki. Sili za kombomoto, mhimili unaozungushwa na pistoni, zimekauka, injini inavuta hewa ya pembeni, mchanganyiko umekuwa mwepesi, na pistoni itatoboka karibuni. Usiisahihishe kwa kurekebisha kabureta. Bodi ya Duroplast, resini na nyuzi za pamba, haishiki kutu, jambo ambalo huwafumba macho wanunuzi. Fremu ya chuma iliyo chini yake inaoza kama ya gari lingine. Inua zulia.

Mengine kwa haraka

Messerschmitt KR200 haina gia ya rivasi: unazima injini na kuiwasha izunguke kinyume, kisha una gia zote nne za kurudi nyuma. Jaribu mbili ukiwa jasiri. Isetta mlango wake uko mbele, kwa hiyo usiegeshe pua ukutani. Amphicar huongozwa majini na magurudumu ya mbele. Kabla ya kuingia, kaza kizibo cha sakafu na mkono wa pili wa kila mlango, na ukitoka tia grisi mpya kwenye viungo na beringi za propela ili isukume maji nje.

DeLorean (1981 hadi 1983), yenye bodi ya chuma cha pua isiyopakwa rangi, husuguliwa kwa kufuata mistari ya chuma hicho tu, na kamwe si kwa pamba ya chuma, ambayo huacha chembe zinazoshika kutu. Mlango wake unaofunguka kwenda juu usiposimama, badilisha viinuzi vya gesi; usiguse fimbo ya msokoto iliyo juu, imebanwa kwa nguvu ya kuvunja mkono. Gari likivuta upande mmoja ukikanyaga eksileta na upande mwingine ukiiachia, angalia bolti za mikono ya nyuma, hupinda.

Kwa Honda Beat na wenzake wa Japani wa mwanzo wa miaka ya 1990, fungua kompyuta ya injini kabla haijafa. Kapasita zake huvuja na kula ubao, mara nyingi kwa harufu ya samaki. Weka zenye maikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi, za nyuzi 105, baada ya kusafisha ubao kwa alkoholi.

Vipuri vitafute kwa jina la injini au la kiwanda mama: V6 ya DeLorean ilikuwa pia ndani ya Renault, Peugeot na Volvo, injini ya Amphicar ni ya Triumph, ya Autozam AZ-1 ni ya Suzuki, na Nissan Figaro chini yake ni Micra. Jaguar XJ220 imevaa vioo vya Citroën CX na taa za nyuma za Rover 200, na muuzaji anayejua unamiliki Jaguar atakutajia bei tofauti na anayedhani una Rover.

Tairi mwishowe. Rimu za Michelin TRX zimepimwa kwa milimita, kwa mfano 390, ambayo ni kati ya inchi 15 na 16, na ukingo wake una umbo lake. Tairi ya inchi 15 haiingii, ya 16 haishiki, hata kama fundi ana nyundo. Ama ununue tairi za TRX, ama ubadilishe rimu zote nne. Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ulio ubavuni mwa tairi: ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Gari lililokaa ghalani huwa na tairi zenye kashata nzuri na umri wa kutisha.