Nilivyogeuka nabii wa magemu bila kujua chochote

Ushauri unaonichosha kuliko wote kwenye mambo ya magemu ni huu: "Tafuta mtu wa ndani, mfuate, washa arifa, utakuwa wa kwanza kujua." Nimeambiwa hivyo na wengi, na aliyenikalia kooni zaidi ni jamaa wa kwenye kundi letu la mashabiki. Nitamwita Mkuu, maana ndivyo anavyopenda kuitwa. Mkuu alikuwa analipia kila mwezi kuingia kwenye kundi la siri la mmoja wa hao "watu wa ndani", yaani watabiri wanaodai kujua siri za kampuni, na pesa yenyewe ukiijumlisha kwa mwaka inanunua gemu kubwa jipya na chenji inabaki. Asubuhi haipiti bila kutumwagia tetesi: gemu fulani linatoka wiki ijayo, konsoli fulani (mashine ya kuchezea magemu) inatangazwa Alhamisi, kampuni fulani inanunuliwa. Alhamisi ikipita kavu, anasema "mipango imebadilika" na kuleta nyingine.

Hiyo "mipango imebadilika" ndiyo iliyonifanya nifungue daftari. Halina ufundi wowote: huku nani kasema nini na lini, huku kilichotokea kweli. Ila nakili maneno yenyewe siku ileile, kwa sababu hawa watu wanafuta. Unarudi baada ya mwezi unakuta posti zilizokosea zimeyeyuka, imebaki ile moja aliyobahatisha, na juu yake kaandika "niliwaambia".

Mwaka 2024 daftari lilinenepa kwa sababu ya Nintendo. Tarehe 7 Mei rais wa kampuni hiyo, Shuntaro Furukawa, alisema wazi kwamba mrithi wa konsoli yao ya Switch atatangazwa ndani ya mwaka wao wa fedha, yaani kabla Machi 2025 haijaisha. Tangazo hilohilo likaongeza kwamba Juni kutakuwa na Nintendo Direct, yaani video yao ya kutangazia magemu, na kwamba konsoli mpya haitatajwa humo. Sasa mwenye mali kakwambia kwa kinywa chake kwamba hatalisema jambo, wewe unakesha kusubiri nini? Mkuu alikesha. Baada ya hapo kila mwezi ulikuja na nabii wake, na kila nabii na tarehe yake. Mimi nilibaki na mstari mmoja tu kwenye daftari, "kabla ya mwisho wa Machi", nikalala usingizi wangu. Video ikatoka 16 Januari 2025, maelezo kamili yakaja 2 Aprili, na Switch 2 ikaingia sokoni 5 Juni. Wapo watabiri walioipatia ile siku ya Januari, siwanyimi haki yao. Lakini ukisoma kurasa za nyuma unakuta kabla ya kuipatia walishataja nusu ya kalenda.

Toka hapo nikawa mtu wa kalenda. Kampuni nyingi zilizo kwenye soko la hisa hutoa ripoti kila robo ya mwaka, na wenye hisa wanauliza maswali yaleyale tunayouliza sisi, tena wao wanajibiwa. Take-Two, wenye Rockstar wanaotengeneza magemu ya GTA, wanafunga mwaka wao 31 Machi, na ripoti zao huja Februari, Mei, Agosti na Novemba. Nani anasoma zile kurasa za namba? Mimi pia sizisomi. Nashuka moja kwa moja hadi kwenye orodha ya magemu na tarehe zake, nafunga. Ongeza maonyesho: E3 iliyoanza 1995 ilizikwa rasmi Desemba 2023, kwa hiyo siku hizi Juni kuna Summer Game Fest, Agosti kuna Gamescom kule Cologne, Septemba Tokyo Game Show, Desemba The Game Awards. Halafu kuna bodi zinazopanga umri wa wachezaji. Magemu mengi hupita kwao kabla ya kuuzwa, na bodi za Korea Kusini, Brazili na Taiwani zimeshawahi kuanika majina ya magemu kabla wenyewe hawajafungua mdomo. Huyo ndiye mtu wangu wa ndani: karani wa bodi aliyebonyeza kitufe mapema.

Kitu kingine kabla sijasahau. Trela, yaani video ya kutangaza gemu, likikujia limetumwa na rafiki, usilicheze. Nenda kwenye chaneli ya watengenezaji wenyewe ulitafute huko. Desemba 2023 trela la kwanza la GTA VI lilivuja kabla ya saa yake, na nakala iliyokuwa inazunguka ilikuwa na maandishi makubwa juu ya picha yakihimiza watu wanunue Bitcoin. Wengi waliitazama hivyohivyo, wakati Rockstar waliamua kuachia lao safi siku hiyohiyo, tarehe 4 badala ya 5.

Sasa tuje kwenye utamu.

Agosti 2025 dunia ya mashabiki ilikuwa inachemka kwa ajili ya gemu la Hollow Knight: Silksong. Team Cherry, kikundi kidogo cha watu wa Adelaide, Australia, walilitangaza Februari 2019 kisha wakanyamaza miaka. Kila onyesho likirushwa moja kwa moja, maoni yote yalikuwa jina la gemu hilo. Mwaka 2025 jumba la makumbusho la ACMI la Melbourne likasema wageni wake wataweza kulicheza kuanzia 18 Septemba. Hilo nililipigia mistari miwili, maana jumba la makumbusho halina sababu ya kutafuta wafuasi kwa umbea. Halafu, wiki ileile ya Gamescom, Team Cherry wakasema kuna taarifa maalumu itatoka baada ya kama siku mbili. Mkuu akaingia kwenye kundi kifua mbele: nabii wake kasema Oktoba, imekwisha hiyo.

Nikasema leo namwonyesha jinsi chakula hiki kinavyopikwa.

Nikafungua akaunti mpya, nikaifunga asione mtu yeyote. Jina nikachagua la kutisha kidogo, picha nikaweka kivuli cha mtu mwenye kofia. Kisha nikaanza kuandika. "Silksong linatoka 26 Agosti. Msiniulize nimejuaje." Nikachapisha. "Silksong linatoka 27 Agosti. Msiniulize nimejuaje." Nikachapisha. Nikaruka Jumamosi na Jumapili, nikaendelea Septemba yote, nikaingia Oktoba hadi nikaimaliza, ili na nabii wa Mkuu nimfunike. Kidole gumba kilikufa ganzi. Njiani nikaanza kunogewa, nikawa naongeza vionjo: "Chanzo changu kinahatarisha kazi yake." Chanzo changu kilikuwa kalenda ya simu.

Tarehe 21 Agosti taarifa ikatoka: gemu linaachiwa 4 Septemba. Nikarudi kwenye akaunti yangu, nikafuta posti zote, nikaacha moja tu. Nikafungua kufuli. Hapo sasa unaona akaunti ya mtu wa ajabu, mkimya, mwenye maneno machache, aliyetaja Alhamisi ya tarehe 4 Septemba kabla ya ulimwengu kujua, na muhuri wa tarehe upo palepale chini ya posti, haudanganyi. Nikampa rafiki yangu mmoja kiungo, akakidondosha kwenye kundi kana kwamba kaokota.

Mkuu alikuwa wa kwanza.

"Oyaa, huyu mwamba ni nani?"

Mwingine: "Huyu yuko ndani kabisa. Angalia tarehe ya posti, wadau!"

Hadi usiku, wafuasi walishaanza kumiminika kutoka sehemu nisizozijua. Ujumbe wa faragha nao ukaanza, watu wakiulizia magemu wanayoyasubiri. "Kaka, naomba unisaidie, Half-Life 3 lini?" "Bosi, Bloodborne kuna matumaini?" Mmoja akaniuliza kama nina kundi la kulipia, yuko tayari kutuma hata sasa hivi. Nilikuwa najibu wote kitu kimoja: "Subiri Desemba." Hilo ni jibu lisilokosea, kwa sababu Desemba kuna The Game Awards na lazima kitangazwe kitu, na mtu mwenye kiu atakinywa chochote akidhani ndicho ulichomaanisha. Nakiri nilifurahia kuliko inavyostahili. Nilianza hadi kuweka nukta tatu mwisho wa sentensi.

Nilipochoka nikaweka kwenye kundi picha za skrini za orodha nzima, 26 Agosti hadi mwisho wa Oktoba, kabla ya kufuta. Kimya. Kisha Mkuu akaandika, "Kwa hiyo unataka kusema wote ndivyo walivyo?"

Hapana, na hili nalisema kwa haki. Kuna waandishi wa habari kwelikweli. Jason Schreier wa Bloomberg, kwa mfano, anaandika kwa jina lake na ana mhariri juu yake. Jina na mhariri ndivyo ninavyovitazama kwanza. Kivuli chenye kofia kikikosea, kesho kinafungua akaunti nyingine.

Na mtu asidhani mchezo huu umeanza na simu. Aprili 1992 jarida la Electronic Gaming Monthly la Marekani liliandika kwamba kwenye gemu la mapigano la Street Fighter II kuna mpiganaji wa siri, Sheng Long: umtumie Ryu, upite wote bila kuguswa, ukifika kwa M. Bison, adui wa mwisho, mtoke sare raundi hadi raundi bila mtu kumgusa mwenziwe, ndipo Sheng Long atatokea. Picha za kutengeneza zikawekwa. Ulikuwa utani wa Siku ya Wajinga, lakini majarida mengine yaliuchukua kama habari. Fikiria watoto waliomaliza sarafu zao mbele ya mashine wakikwepa ngumi za M. Bison raundi kumi! Kichekesho ni kwamba 1994 Capcom, watengenezaji wa gemu hilo, wakamleta Akuma, mpiganaji wa siri anayechomoza ghafla na kummaliza M. Bison kabla hujapigana naye. Angalau wale watoto walipewa fidia.

Silksong likatoka kweli tarehe 4. Maduka ya mtandaoni yakazidiwa, watu wakabaki wanatazama kurasa zisizofunguka. Mimi nilifua nguo, nikarudi jioni, nikalinunua kwa dola 20 zilezile. Ndipo nikakumbuka ushauri mwingine wa hovyo: "Lipia mapema usikose." Ukose nini? Gemu la kupakua haliwezi kwisha ghalani. Cyberpunk 2077 lilitangazwa 2012, likapata oda za mapema milioni 8, likatoka 10 Desemba 2020, na kufika tarehe 18 Sony walishaliondoa kwenye duka lao kwa jinsi lilivyokuwa linasumbua kwenye konsoli yao ya PS4. Likarudishwa Juni 2021. Aliyesubiri hakukosa kitu, tena alipata lililotengenezwa vizuri kwa bei iliyoshuka. Kama unaogopa kumaliziwa uhondo wakati unasubiri, zima maneno haya kwenye mitandao yasikufikie: jina la gemu, majina ya wahusika, na neno "mwisho" likiambatana na jina hilo. Andika na makosa ya tahajia ambayo watu hufanya, maana wanaomaliza watu uhondo hawajui kuandika.

Ile akaunti nilibandika juu yake maelezo yote ya jinsi nilivyofanya, hatua kwa hatua. Nilidhani itakufa. Wafuasi wengine waliondoka wakinitukana, sawa. Lakini waliobaki walinishangaza. "Tumekuelewa, mwamba. Tunajua wanakusoma." "Wamekulazimisha useme hivi?" Kuna mmoja aliandika uchambuzi mrefu kuthibitisha kwamba maelezo yangu ni fumbo la tarehe ya gemu jingine.

Halafu ikaja Novemba. GTA VI lilikuwa limeshasogezwa mara moja: tarehe 2 Mei 2025 walilihamisha kutoka 2025 hadi 26 Mei 2026. Ripoti ya Take-Two ilikuwa imepangwa 6 Novemba, na tarehe hiyo kampuni yenyewe iliitangaza hadharani. Siku chache kabla, nikaandika kwenye kundi kwamba kama kuna kusogezwa tena, tutasikia siku ya ripoti, kwa sababu hawawezi kukaa mbele ya wenye hisa na kuwatajia tarehe wasiyoiamini. Tarehe 6 ikafika, ripoti ikatoka, na Rockstar wakatangaza tarehe mpya: 19 Novemba 2026.

Mkuu akaandika papo hapo: "Tulijua tu una mtu ndani."

Nikamtumia kiungo cha ukurasa wa kampuni wenye kalenda ya ripoti. Nikamtumia na ukurasa wa daftari langu. Akaweka dole gumba. Baada ya muda akanifuata faragha, kwa adabu ambayo sijawahi kuiona kwake.

"Sasa mkubwa, huyo mtu wako hajagusia lolote kuhusu toleo la kompyuta? Maana wametaja PS5 na Xbox tu."