Kulea ua la Usambara dirishani Mwanza

Ua hili halifi kwa kiu, linakufa kwa huruma. Unaona majani yamelegea, unaongeza maji, kesho yamelegea zaidi. Kidole ukikitia kwenye udongo unakuta umelowa chapachapa: mizizi imeoza, haivuti tena.

Kwao ni milima ya Usambara, kwenye nyufa za miamba yenye kivuli na unyevunyevu, mizizi mifupi imeshika mboji isiyojaa kiganja. Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 na ofisa wa kikoloni, von Saint Paul, ndiyo maana wengi bado wanaliita Saintpaulia, ingawa wataalamu siku hizi wanalihesabu kwenye jenasi (kundi la mimea) ya Streptocarpus. Mwanza miamba tunayo tele, ila ya kwetu hupigwa na jua kutwa, kwa hiyo hapa mmea huu ni wa ndani. Usiende kuung'oa porini. Baadhi ya aina zimebaki chache mno. Jani moja la mtu mwenye nao linatosha.

Nachagua jani la safu ya katikati, si la nje lililozeeka. Kikonyo nakikata kwa wembe kimshazari, kibaki kama sentimita 3, nakichomeka sentimita 1 hivi tu. Ukikizamisha sana kinaoza kabla ya kutoa mizizi. Juu nafunika chupa ya maji iliyokatwa kitako, kifuniko nakilegeza. Mizizi hutoka wiki ya 3 au ya 4, vitoto baada ya miezi 2 au zaidi. Nasubiri vifikie upana wa sarafu ndipo nivitenganishe.

Udongo wa bustani peke yake haufai, unashikamana. Nachanganya sehemu 2 za vumbi la makumbi ya nazi, 2 za makapi ya mpunga yaliyochomwa na 1 ya mboji iliyochekechwa. Makumbi nayaloweka na kuyasuuza mara mbili kutoa chumvi. Makapi (mashine za kukoboa mpunga zimejaa mkoani) yawe meusi, yasifike kuwa majivu. Majivu hufanya udongo uwe wa magadi na majani mapya yanatoka ya njano.

Chombo kiwe kidogo. Kopo la mtindi la sentimita 8, lililotobolewa chini, linatosha kwa mwaka. Vyungu vya udongo niliviacha: chumvi hujikusanya kwenye ukingo na kuozesha vikonyo vinavyouegemea.

Maji nayapitisha kwa utambi. Uzi wa nailoni unapita kwenye tundu la kopo na kuning'inia ndani ya chombo cha maji kilicho chini, kitako cha kopo kisiguse maji. Uzi wa pamba unaoza. Mara ya kwanza mwagia kutoka juu, la sivyo utambi hauvuti. Maji ya bomba nayalaza usiku kucha, klorini ipungue na yapate joto la chumba. Maji ya baridi yakidondokea jani lenye joto huacha madoa meupe yasiyofutika, kwa kuwa seli za jani zimeharibika. Vumbi naliondoa kwa brashi laini ya rangi.

Dirisha la mashariki ndilo bora. La magharibi, jua la saa 10 jioni linababua majani hata kupitia kioo. Weka pazia jepesi. Vikonyo vikirefuka na kusimama, mwanga hautoshi. Majani yakijikunja kuelekea chini na kupauka, umezidi.

Mbolea ni NPK 19:19:19 ya kuyeyusha, robo kijiko cha chai kwa lita 4, mara moja kila wiki 2, na kila mwezi namwagia maji matupu kutoka juu yachuruzike. Vidung'ata, vile vidudu vinavyofanana na pamba kwenye makwapa ya majani, navigusa kwa kijiti chenye pamba na spiriti, narudia baada ya siku 7.

Majani ya chini yakishaanguka shingo, yaani shina fupi lililo chini ya majani, hubaki uchi. Hapo nakata kitako cha bonge la mizizi kwa urefu uleule wa shingo, naurudisha mmea kwenye kopo lilelile na kuifukia.